Aliyetumwa Kuangalia Ng'ombe

Rwezamenyo, Kigali
8 Septemba 2024

Nuriati mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, namsalimu Nasiri mumeo, nawasalimu kuku wako na majirani wote wa Kahama, hata yule aliyesema kwamba mimi naongea sana. Sisi wazima. Goti langu la kushoto linaleta siasa mvua ikikaribia, lakini cherehani inaenda, na Rwezamenyo nzima bado hakuna anayekata gauni kama mimi. Hilo walilijua hata watu wa Dubai, nilipokaa kule siku nne.

Umetaka tuandikiane barua kwa sababu kwenye simu sikupi nafasi ya kusema. Haya, nimekubali. Mimi nimesoma mpaka darasa la tano tu, makosa utayasahihisha kwa kalamu nyekundu kama kawaida yako, mwalimu. Nsabimana dereva wa basi atazibeba. Nimemshonea suruali inayomficha tumbo, kwa hiyo hana ujanja.

Sasa habari ya binti yako. Ingabire amepata! Yule Scovia, madamu aliyekulia Uganda, ameandika mchezo wa kuchekesha na amempa Ingabire kuwa bibi arusi, mwenye mchezo mwenyewe. Ni hivi: siku ya kuposa, ile gusaba yetu, wazee wa pande mbili wamekaa wanatupiana maneno juu ya msichana, naye yuko ndani nyuma ya pazia anasubiri aitwe. Sasa huyu hasubiri. Anatoka, anawanyamazisha wazee, anasema hakuna wa kunisemea, nitajisemea mwenyewe. Na mchezo unaitwa hivyo hivyo, "Nitajisemea". Mazoezi wanafanyia ukumbi mmoja Kimihurura, kule ambako hata majani yananyolewa kama ndevu za balozi.

Najua ulimpa mpaka Ramadhani. Aliacha kazi ya duka la dawa kwa ajili ya mambo haya ya jukwaa, na wewe ukasema mwezi ukiandama kabla hajasimama kwa miguu yake, anarudi Kahama kukaa nawe. Usifunge mlango bado, Nuriati. Akianza kusema maneno yake pale sebuleni mimi nasahau kutia uzi kwenye sindano.

Na mimi pia wamenichukua. Nilikuwa nashona nguo zao tu, mama mmoja akasafiri, nikajaza pengo. Ni kitu kidogo. Shangazi wa bibi arusi anatumwa nje kuangalia ng'ombe wa mahari kama wamefika, anarudi, anasema: "Ng'ombe nimewaona. Wazima. Tuendelee." Maneno manne. Hata kuku anaweza.

Ni mimi dada yako,
Saidati

* * *

Kahama
29 Septemba 2024

Dada Saidati, shikamoo.

Barua yako imechukua siku kumi na tatu. Nsabimana anasema aliisahau ndani ya koti, na koti lilikuwa kwa mke wake mdogo. Nimesahihisha makosa kumi na moja kisha nikachoka.

Sisi hatujambo. Nasiri anaumwa jino na anakataa kung'olewa. Anakula uji na kutulaumu wote. Shuleni wamenipa darasa la watoto sabini na wawili.

Nimefurahi kusikia Ingabire amepewa nafasi. Lakini dada, duniani hakuna jambo jingine la kuchezea ila siku ya kuposa? Nilipofika kwenye lile pazia niliikunja barua nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Nakukumbusha tu kwamba uliniapia. Zaidi ya hapo sisemi.

Nina ombi moja. Msaidie mtoto asimame. Usisimame wewe.

Mdogo wako,
Nuriati

* * *

Rwezamenyo
3 Novemba 2024

Nuriati wangu,

Salamu ni tele, sina pa kuzipunguzia. Mpe pole Nasiri. Mwambie jino ni kama mgeni asiyeaga, lazima umshike mkono umtoe. Huku mvua zimeanza na barabara yetu imeota mfereji wake yenyewe. Hassani wa sambusa amepata mjukuu.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nimekuwa mtu mkubwa. Usicheke! Ilianza hivi. Siku moja kwenye mazoezi natoka kuangalia ng'ombe, narudi, nasimama, nikayaona yale maneno manne ni masikini. Nikasema: "Ng'ombe nimewaona. Wazima. Mmoja ana macho kama ya bwana arusi, ila yule ng'ombe anamtazama mtu usoni." Yesu na Maria, alisema Scovia, akalala juu ya kiti kwa kucheka. Kenny, yule kijana anayecheza bwana arusi, akakosa pa kuweka macho yake, wakazidi kucheka.

Kesho yake nikaongeza. Nikasema: "Yuko mmoja jike, ana ndama. Nimemuuliza, wewe mama, kabla ya kuletwa hapa kuna aliyekuuliza kama unataka? Akanitazama tu. Nikamwambia, basi sisi ni ndugu." Nuriati, mafundi wa taa walishuka kwenye ngazi kuja kunipa mkono. Mwanamke mmoja wa ofisi, aliyekuja kupima ukumbi, alicheka mpaka akatafuta kitambaa, kisha akawa halii wala hacheki, amesimama tu. Scovia anasema mimi kwa ng'ombe mmoja nimesema mambo ambayo yeye ameyaandika kwa kurasa tisa. Nikamwambia madamu, mimi nimetembea. Goma nimefika, Kampala nimefika, Dubai nimefika. Ng'ombe nawajua.

Sasa natumwa kuangalia ng'ombe mara tatu. Kila nikirudi wanapiga makofi kabla sijafungua mdomo.

Siku moja nilitekwa na makofi, nikataka kusema jambo jingine, jambo la zamani, nusu ya sentensi ikatoka. Nikaumeza ulimi. Hakuna aliyeelewa. Usiwe na wasi.

Ingabire yuko vizuri.

Dada yako nyota,
Saidati

* * *

Kahama
24 Novemba 2024

Dada, shikamoo.

Nasiri ameng'olewa jino. Hajambo.

Umeniandikia kurasa tatu za ng'ombe na mstari mmoja wa mwanangu. Mimi ni mwalimu, najua mtoto anayejaza ukurasa ili nisimuulize swali.

Ingabire hajaniandikia tangu Oktoba. Nikimpigia anasema "niko njiani, mama," na nyuma yake hakuna sauti ya gari wala ya mtu. Yuko vizuri maana yake nini?

Na hiyo nusu ya sentensi, ni nusu ipi? Ukithubutu, Saidati. Ukithubutu.

Nuriati

* * *

Rwezamenyo
15 Desemba 2024

Nuriati,

Leo sina salamu za kuchezea. Tuko hai, alhamdulillahi.

Hii ni barua ya nne kuanza, tatu nimezichana. Nashona, nachomoa, nashona tena. Jana nimemtilia mteja mkono wa kushoto upande wa kulia, mimi, niliyeshona suti za mabwana wa wizara. Nakaa, nasimama, natoka mlangoni, narudi. Basi acha niseme.

Tumeonyesha mchezo mara ya kwanza Jumamosi ile ya tarehe saba. Ukumbi ulijaa. Ingabire alitoka nyuma ya pazia, amependeza, gauni nililimwagia roho yangu yote, akaanza maneno yake. Alisema vizuri, hakukosa hata neno. Watu walikuwa wanamsikiliza kama wanavyosikiliza tangazo la serikali: kwa adabu. Kisha nikatoka na ng'ombe wangu. Nuriati, ukumbi uliinuka. Na mimi, Mungu anione, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyefungwa miaka halafu akafunguliwa.

Mara ya pili Ingabire alikuwa katikati ya yale maneno yake makubwa, anasema mwanamke si furushi la kukabidhiwa. Kijana mmoja nyuma akaita: "Ng'ombe! Leteni shangazi!" Wakaitikia wengi. Ng'ombe, ng'ombe. Mwanao alisimama. Alimaliza sentensi yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango naona mgongo wake, zile shanga nilizomshonea zinatetemeka.

Na mimi nilitoka. Nilipoitwa, nilitoka. Hilo ndilo nililolificha.

Baada ya hapo Scovia alikuja na uso wa arusi. Wametualika Kampala baada ya Idi. Ila anataka kuupindua mchezo, shangazi awe mbele, na bibi arusi apunguzwe, abaki na kidogo cha mwanzo na kidogo cha mwisho. Nikasema naacha. Akasema nikiacha, Kampala hakuna, kwa mtu yeyote. Ingabire akanitazama, akasema, "Usinihurumie, mama mkubwa. Wanakupenda wewe." Usiku ule ule amehamia Gahanga kwa rafiki yake Vestine. Kitanda chake amekitandika vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Mtu atakayerudi huacha shuka hovyo.

Nimefikiria sana, kwa akili yangu ya darasa la tano. Si kwamba Ingabire hajui kuchekesha. Hapa nyumbani ananivunja mbavu. Tatizo ni huyu bibi arusi wa Scovia: hakosei. Kila anachosema ni haki. Amebebeshwa haki za wanawake wote wa Afrika Mashariki kichwani, anatembea pole pole asizimwage. Mimi nimeruhusiwa kuwa mjinga, ndiyo maana nacheza. Mtu asiyekosea tunamheshimu, Nuriati, na tukishamheshimu sana tunapiga miayo.

Iko hadithi moja ya bibi arusi aliyekosea, tena siku ya kuposa, tena mbele ya pazia. Tunaijua mimi na wewe. Niliapa. Siombi kitu. Nasema tu kwamba iko.

Saidati

* * *

Kahama
5 Januari 2025

Dada Saidati,

Shikamoo. Mwaka umetufikia sote, tushukuru.

Nilikaa na barua yako siku tisa. Nasiri aliniuliza kama kuna aliyefariki.

Wewe hadithi hiyo unaikumbuka kutoka upande wa wageni. Ulikuwa umekaa mkekani na wanawake wengine, sahani ya pilau mapajani. Sijawahi kukuambia ilivyokuwa upande wangu wa pazia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikulia Tabora kwa mjomba, Kigali nilikuwa na miezi mitano. Huko Tabora mwanamume akikataliwa amekataliwa. Hatukuwa na huu mchezo wenu wa wazee. Hakuna aliyenieleza kwamba msemaji wa kwetu lazima awakatae wageni kwanza, abishe, atunge uongo, mpaka wa upande wa pili amzidi kwa maneno. Kila mtu alidhani najua. Wewe pia ulidhani najua.

Basi nikiwa nyuma ya pazia nikasikia mzee Twahiru, msemaji wa kwetu, anasema, kwa sauti ile yake ya msikitini: "Binti mnayemtaka tumeshampa mtu wa Butare, mwenye duka. Rudini na ng'ombe wenu." Na watu wakanyamaza. Kwenu ule ulikuwa ukimya wa kusubiri utani. Kwangu ulikuwa ukimya wa kwamba nimeuzwa. Nilimpenda Nasiri, dada. Nilikuwa nimempenda kijinga, kwa moyo wote. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka pazia lilinishika kichwani nikatoka nalo, na kiatu kimoja, nikasema: "Mnasema uongo! Sijapewa mtu! Namtaka huyu!"

Kicheko cha kwanza kilikuwa chako. Nakijua kicheko chako. Baada ya hapo walicheka wote, mpaka Nasiri. Mzee Twahiru alisema ng'ombe sasa wapunguzwe maana bidhaa imejileta yenyewe. Wakanirudisha ndani kwa kunishika mkono kama mgonjwa.

Na wewe kwa miaka miwili, katika kila arusi ya Nyamirambo, ulijifunika kitambaa kichwani ukatoka mlangoni na kiatu kimoja. Watu walikupenda sana. Nilipokuapisha uache, ulidhani naona aibu kwa sababu nilikosea. Sikuona aibu kwa kukosea. Nilichukia kwamba lile neno pekee la kweli nililowahi kusema mbele za watu lilikuwa langu, na wewe ukalichukua ukalifanya lako.

Sasa umelifanya tena, kwa mwanangu. Najua hukukusudia. Hukukusudia hata mara ile.

Humu ndani kuna bahasha nyingine. Ni ya Ingabire. Nimemwandikia yote kwa mkono wangu. Wewe usimsimulie, maana utaweka ng'ombe. Mpelekee Gahanga wewe mwenyewe, usiifungue, mpe, uondoke. Akiitaka aichukue. Nimemwambia ni yake.

Sijafuta ile ahadi ya Ramadhani. Nangoja.

Nuriati

* * *

Rwezamenyo
16 Februari 2025

Nuriati, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Nakuamkia mimi leo, mkubwa kwa mdogo. Shikamoo. Usinisahihishe.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa chini sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Nilishika kalamu nikairudisha mezani. Unaelewa hilo ni jambo geni kwangu. Nilipanda moto, hizi pikipiki za abiria, mpaka Gahanga, mvua inanipiga, bahasha nimeifunga kwenye nailoni kifuani. Ingabire alifungua mlango. Nikampa. Nikasema, "Ya mama yako." Akasema, "Ingia, mama mkubwa, umelowa." Nikasema nimekatazwa kuingia. Nikaondoka. Nimetii, andika hilo mahali.

Siku nne kimya. Nilikuwa siwezi hata kunywa chai mpaka mwisho. Siku ya tano akaja mwenyewe dukani kwangu na makaratasi, macho mekundu, anacheka. Akasema, "Mama alitoka na pazia kichwani?" Nikasema sijui, muulize mama yako. Akasema, "Mama mkubwa, nionyeshe alivyotembea." Nikasema hapana. Mara tatu ameniomba, Nuriati, mara tatu nimekataa. Basi akasimama kati ya cherehani mbili, akajifunika kitenge cha mteja, akatoka. Hakuwa wewe. Wala hakuwa mimi nikikuiga. Alikuwa msichana aliyeogopa.

Walikaa na Scovia wiki tatu wakibishana. Scovia hakutaka, alisema bibi arusi wake ni mwanamke mwenye msimamo, hawezi kutoka kwa makosa. Ingabire akamwambia, "Msimamo ataupata akishatoka. Kwanza atoke." Nilikuwa napiga pasi pembeni, nikaangusha pasi.

Jana tumeonyesha. Sasa nakueleza kwa ufupi, jikaze uamini.

Mzee anasema tumeshampa mtu mwingine, rudini na ng'ombe wenu. Kimya. Pazia linacheza. Linacheza tena. Kisha Ingabire anatoka nalo kichwani, na fimbo ya kuning'inizia pazia inaburuta chini, anagonga meza ya wazee, anampigia kelele mtu asiye yeye, maana haoni: "Uongo! Namtaka huyu!" na amemshika mkono mzee wa sabini. Nuriati, watu walianguka. Mama mmoja mbele alikuwa anapiga paja la mume wake kwa kofi. Wazee wa mchezo wakacheka, wakamwambia haya mtoto, ulikuwa utani, rudi ndani sasa. Wakamshika mkono. Akaenda hatua mbili. Akasimama. Akavua lile pazia, pole pole, akalikunja kama shuka, akampa mzee alishike. Akasema, "Nimeshatoka."

Basi. Zile kurasa tisa zote amezikata, amebaki na neno hilo.

Ukumbi ulinyamaza, na si ule ukimya wa adabu. Na mimi nilikuwa pale, nimerudi kutoka kwa ng'ombe, nimesimama karibu na mlango. Watu wakanigeukia. Niliyaona macho yao, mia tatu, yananisubiri. Kenny pia alinitazama. Scovia pembeni ananipungia mkono, sema, sema. Na nilikuwa na mstari, Nuriati. Ulikuja wenyewe, umekaa hapa kwenye ncha ya ulimi, umenyooka, hauna kasoro. Katika maisha yangu yote sijapata mstari kama ule. Ningeusema paa lingeondoka.

Nilitazama viatu vyangu.

Makofi yalianza nyuma, kwa wanawake waliosimama, yakaja mbele. Yalikuwa yake. Nikasikia wivu, sikufichi, wivu wa kweli kama njaa. Kisha nikaona midomo yake inatetemeka kama yako, nikalia mpaka wanja ukaniharibia kola.

Kampala tunaenda baada ya Idi, yeye mbele. Mimi nina maneno yangu manne. Ng'ombe nimewaona, wazima, tuendelee. Ingabire amerudi nyumbani, shuka lake leo asubuhi limetupwa sakafuni kama la mwizi. Bado anakuogopa na ile Ramadhani yako. Imebaki wiki mbili. Anaosha vyombo mara mbili mbili.

Kuhusu kicheko changu cha siku ile. Nimeandika sentensi sita hapa nikazikata zote. Nisamehe.

Saidati

* * *

Kahama
27 Februari 2025

Dada Saidati, shikamoo.

Nasiri anakusalimu. Nimemsomea barua yako yote. Akasema, "Na mimi nilicheka," kisha akaenda kunichemshia maji ya kuoga, jambo ambalo hajalifanya tangu Ingabire azaliwe.

Mwambie mtoto abaki. Mwambie vyombo vimetakata.

Ramadhani ikianza nitakuwa na nafasi jioni. Ule mstari ulioumeza, niandikie. Usimwambie Scovia, usimwambie mtu yeyote wa Rwezamenyo. Niandikie mimi.

Mdogo wako,
Nuriati